Paa refu la faiba kwenye T4 yangu: kuanzia kuchagua mpaka kuligandisha

Habari zenu wakuu. Kuna watu wameniuliza sana kuhusu hili paa kwahiyo naandika yote sehemu moja, samahani kama ni ndefu.

Mimi niko Birmingham, Uingereza, na gari langu ni Volkswagen T4 ya 2001, ile bodi fupi, injini 2.5 TDI. Nililinunua likiwa gari la kazi la fundi bomba, tupu kabisa nyuma, nikaligeuza taratibu kuwa gari la kulala safarini, kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, dumu la maji la lita 20, betri ya pili. Shida ikabaki moja tu, kimo. T4 ya kawaida ndani kutoka sakafuni mpaka bati la juu haifiki hata mita moja na nusu, yaani unaishi umeinama muda wote, unapika umeinama, unavaa suruali umelala chali.

Mimi nilishazoea. Ila mama alikuja kututembelea kutoka Tanga tukampeleka Wales, kule kwenye milima ya Eryri, na mvua ikatupiga siku tatu mfululizo, nje hakutokeki. Siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, gari zuri sana, ila naswali nimekaa kama mgonjwa na miguu ninayo." Hayo maneno yalinikaa. Tuliporudi nyumbani sikupumzika, wiki hiyo hiyo nikaanza kutafuta paa.

Sasa hapo kuna njia mbili. Kuna paa la kunyanyuka, lenye turubai pembeni, unalisukuma juu ukifika na kulishusha ukiondoka (yale magari ya utalii ya Arusha nayo yana paa la kunyanyuka, ila lile ni la kusimama uangalie wanyama, sio la kulala). Na kuna paa refu la faiba lisiloshuka, limekaa hapo juu moja kwa moja. La kunyanyuka lina faida kubwa, likishuka gari linabaki fupi, unaingia paki za ghorofa na upepo haukusumbui. Lakini turubai ni baridi, mvua ikinyesha usiku unaisikia yote, na asubuhi ukitaka kuondoka unalikunja likiwa limelowa. Halafu bei, kwa gereji nilizoulizia ilikuwa zaidi ya mara tatu ya lile la faiba.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, DVLA, yaani hawa wanaoshughulika na usajili wa magari huku, ukitaka kadi ya gari isomeke kuwa ni gari la kuishi safarini wanaangalia na muonekano wa nje, na paa refu wanalihesabu ila la kunyanyuka hawalihesabu. Kwahiyo kwangu mimi hesabu ikawa imeisha.

Kwanza nilienda kuona paa la mtumba, jamaa alikuwa amelikata kwenye gari lililokufa, anataka pauni 150. Kwa picha lilikuwa zuri. Kufika nikapitisha mkono kwenye kona nikaona nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, hiyo inamaanisha faiba imeshajikunja sana pale, na ule ukingo wa chini unaokaa kwenye bodi alikuwa ameukata vibaya, sehemu nyingine umebaki sentimita moja. Ukingo ndio unaobeba gundi jamani, paa la mtumba ukaguzi wake uanzie hapo, rangi sio tatizo kabisa. Nikamshukuru nikaondoka. Mwishowe nikanunua jipya, pauni 850 na fremu yake ya chuma, bila kufungwa.

Kuchagua kimo nako kuna mtego. Mimi nina sentimita 181, nikaona kuna paa linalotoa 185 ndani nikasema hilo hilo. Mke wangu ndiye aliyenistua, akasema toa kwanza mbao ya sakafu, toa sponji ya kuzuia baridi chini na juu, toa zulia la dari. Nikapiga hesabu, sentimita sita zinaondoka! Nikachukua linalofuata kwa urefu. Sasa hivi nasimama na nywele hazigusi.

Gharama ya kimo hicho iko nje lakini. Gari lilikuwa mita 1.94, sasa ni 2.58. Paki nyingi za ghorofa ndio basi tena, na ukienda Ufaransa kwenye barabara za kulipia, gari lisilozidi mita 2 linalipa daraja la kwanza, ukizidi hapo mpaka mita 3 unalipa la pili ambalo ni ghali zaidi. Na bima uwaambie kabla hujakata, sio baada.

Tukaja kwenye kukata. Nina rafiki alikuwa fundi bodi mtaa wa Gerezani kule Dar miaka mingi, sasa yuko huku, nikamuomba aje Jumamosi. Kabla hajashika chochote akanionyesha zile mbavu za chuma zinazokatiza chini ya bati la paa. Akasema kaka, hizi ukizitoa gari linakuwa kama kopo la maziwa lililotolewa mfuniko, libonyeze pembeni uone. Ndio maana ile fremu ya chuma sio pambo, inafungwa kwanza, kabla ya msumeno, inashika nguzo za huku na huku ili bodi isitanuke wala kujipinda ukishafungua juu. Kuna mtu wa gereji aliniambia naweza kuiacha fremu kwasababu faiba yenyewe ni ngumu. Sikukubaliana naye na bado sikubaliani naye. Ndani ya gari hilo analala mama yangu na wanangu.

Tulikata kwa msumeno wa umeme wa mkono, ule ambao wembe wake unapanda na kushuka, wembe wa meno madogo wa kukatia chuma. Tuliacha kama sentimita 7 kutoka kwenye mfereji wa mvua pembeni, na mbele tukaacha kama 30 nyuma ya kioo. Funika kila kitu ndani, maana unga wa chuma ukibaki hata kidogo kwenye kona, mvua mbili tu umeshakuwa kutu. Tulivuta kwa vacuum mara tatu, halafu kingo zote tulizokata tukazipiga praima ya kuzuia kutu tukaacha ikauke usiku mzima. Na kama unapunguza ukingo wa faiba kwa grenda, vaa maski na mikono mirefu, ule unga unawasha ngozi siku mbili nzima na kwenye mapafu sio mahali pake.

Sasa gundi, hapa ndipo nilipokosea. Nilitumia Sikaflex 252, hii inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, milimita tatu hivi mpaka nne kwa siku, kwahiyo sio kitu cha kuharakisha. Usafi tulifanya vizuri, tulipiga msasa ukingo wa faiba kuondoa ile nta inayobaki kutoka kwenye moldi, yaani umbo lililotumika kulitengenezea, tukafuta kwa asetoni, rangi ya gari tukaikwaruza. Tukalinyanyua watu wanne, likakaa. Halafu nikachukua mikanda ya kufungia mizigo nikazungusha na kukaza, nikakaza, nikaona gundi inatoka pembeni nikafurahi nikijua ndio linashika. Rafiki yangu alikuwa ameshaondoka.

Baada ya wiki nikalimwagia maji kwa mpira wa bustani dakika 20. Kona ya mbele kushoto, tone. Dakika nyingine, tone tena. Niliumia sana kwa kweli, maana kazi yote ile.

Nikampigia yule rafiki yangu fundi akaniuliza swali moja tu, uliweka vipira? Hii gundi inatakiwa ibaki nene, milimita 3 mpaka 5, ili gari likitikisika na jua likipanua faiba, gundi yenyewe ivutike na kurudi. Ukiikamua yote inabaki karatasi, inaachia. Dawa yake ni kuweka vipande vidogo vya mpira vya unene huo kila baada ya sentimita 30 kabla ya kushusha paa, na mikanda unakaza kwa kiasi tu, mpaka lilale kwenye vipira basi. Ikabidi kona ile niikate gundi kwa waya mwembamba, kama sentimita 60 hivi, nisafishe upya, niweke vipira, nijaze tena. Kuikata ilinichukua muda mrefu kuliko kulifunga paa zima. Nikaacha siku kumi bila kuliendesha, nikamwagia maji tena nusu saa, kavu. Pembeni nako nilipima kwa kijiti, kulikuwa na unene wa kutosha, bahati yangu.

Dari ya ndani nilibandika sponji ile isiyonyonya maji na zulia la kuvutika, gundi ya kupuliza inayostahimili joto, ya kawaida kiangazi inaachia. Kama utaweka kidirisha cha juu, kile cha sentimita 40 kwa 40, kata tundu lake kabla ya kubandika zulia.

Mama amekuja tena. Tukaenda kule kule Eryri, na mvua ile ile. Mimi nilikuwa nimelala kiti cha mbele cha kushoto, alfajiri nikasikia "Allahu akbar" yake ya chini chini, nikafungua macho, kasimama wima kabisa na kanga yake kichwani, maji yanapiga juu ya paa. Nikaangalia ile kona juu yangu. Kavu.