Kusimama tu: mapigo na presha ya mgonjwa wa anoreksia

Mtu mwenye afya akisimama, damu huteremkia miguuni. Vihisi vya shinikizo vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua huibana mishipa ya damu na kuuharakisha moyo kidogo. Kwa mgonjwa wa anoreksia, yaani aliyejinyima chakula muda mrefu, mwitikio huo huyumba: maji mwilini ni pungufu, msuli wa moyo umesinyaa, na neva ya vagasi, ile inayotuliza moyo, imeupunguza mwendo wake ili kubana matumizi ya nishati.

Ndiyo maana kipimo kimoja, mgonjwa akiwa ameketi, hudanganya. Mlaze dakika 5, pima mapigo na presha. Msimamishe, pima tena baada ya dakika 1 na 3. Presha ya juu ikishuka 20 au zaidi, ya chini 10, au mapigo yakipanda zaidi ya 20 kwa dakika, daktari amwone siku hiyohiyo. Akipata kizunguzungu, mlaze tena, usingoje namba.

Na mapigo 42 akiwa macho mchana msiyaite “moyo wa mwanariadha”, unaopiga polepole kwa sababu ya mazoezi, kwa haraka. Wa mwanariadha haurukii 90 kwa kusimama tu.

Anayejitapisha apimwe pia potasiamu (madini ya damu ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), hata uzito ukiwa wa kawaida.