Kutoka bwawani Nairobi hadi bahari ya Pwani: nilivyojiandaa kwa triathloni

Triathloni huanza majini, na kwa mwanamke aliyekulia Nairobi bila kujua kuogelea, majini ndiko kazi kubwa iliko. Mashindano mafupi, yanayoitwa sprinti, ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Umbali wa Olimpiki, ulioingia kwenye Michezo ya Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya huo. Nilichagua sprinti kwa kuwa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa anaweza kujiandaa nayo bila kuvuruga nyumba. Wengi hugawa wiki sawa kwa sawa kwa michezo yote mitatu. Mimi niliyapa maji siku nyingi zaidi, hata kama kila kipindi ni dakika 40 tu, maana ustadi wa kuogelea hujengwa kwa kurudiarudia na hupotea upesi. Kipindi kimoja kirefu cha Jumamosi hakifui dafu.

Bwawa la Kasarani lina urefu wa mita 50. Mabwawa mengi ya hoteli na vilabu ni mafupi, mengine hayafiki hata mita 25, kwa hiyo uliza au pima kabla ya kuanza kuhesabu. Lakini umbali uje baadaye, kwanza pumzi. Anayejifunza ukubwani hubana pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anajaribu kutoa na kuvuta hewa kwa mkupuo mmoja. Hewa iliyotumika inabaki kifuani, moyo unaenda mbio, na kabla ya kufika ng'ambo ameshashika ukingo akidhani hana nguvu. Nguvu anazo. Anachotakiwa ni kutoa pumzi polepole kwa pua na mdomo muda wote uso uko chini, mapovu yasikatike, ili akigeuka kazi iwe ni kuvuta tu. Nilifanyia zoezi hili ukingoni, mikono imeshika ukuta, mpaka likawa mazoea, ndipo nikaenda katikati.

Tatizo la pili ni miguu kuzama. Chanzo chake ni macho: ukitazama mbele, kichwa kinapanda na makalio yanashuka. Tazama sakafu ya bwawa, gandamiza kifua chini kidogo, na makalio yatainuka yenyewe. Wakimbiaji tuna vifundo vya miguu vikakamavu, hivyo teke letu halisukumi maji sana. Nilipunguza teke likabaki la kuuweka mwili sawa tu, kwani miguu ina kazi inayoisubiri nje. Baada ya hapo nilikwenda hivi: mita 200 za kupasha mwili, kisha mita 25 mara nane kwa mapumziko ya sekunde 20, baadaye mita 50, hatimaye mita 100. Ukiweza mita 100 mara nane, ukipumzika sekunde 15 tu katikati bila kasi kushuka, zile 750 unazo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo vuta pumzi kila baada ya mikono miwili, wala usiige wanaovuta kila baada ya minne.

Nywele zimewafukuza wanawake wengi bwawani, na zina dawa. Zilowanishe kwa maji ya bomba, paka konditiona au mafuta, ndipo uvae kofia. Nywele zilizokwisha kulowa maji safi hazinyonyi klorini nyingi. Mwenye misuko au rasta atafute kofia kubwa. Kofia za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele zetu, zilikataliwa na FINA, shirikisho la kuogelea duniani, mwaka 2021 kabla ya Olimpiki ya Tokyo, zikaidhinishwa mwaka 2022. Kukataliwa kule kulinikera, na kuidhinishwa nilikufurahia kwa dhati.

Kwenye baiskeli, pesa yangu ya kwanza iliendea kiti. Kiti laini chenye jeli kinavutia dukani, lakini mifupa ya makalio inazama ndani yake na uzito unahamia kwenye nyama laini, ndiko michubuko na ganzi zinakotoka. Tafuta kigumu kiasi, chenye upana wa kuibeba mifupa hiyo, na suruali ya baiskeli ivaliwe bila chupi. Kupima kimo cha kiti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya wayo mahali pake, goti litajikunja kidogo, na hapo ndipo panapofaa.

Matairi ya milimita 28 kwa mtu wa kilo 60 yanatosheka na upepo wa psi 65 hadi 70 (kipimo kinachosomwa kwenye pampu). Ukipata pancha, soma tyubu kabla ya kuitupa. Matundu mawili sambamba yanamaanisha upepo ulikuwa mdogo na rimu imeibana tyubu kwenye shimo la barabara. Tundu moja ni mwiba, kioo, au ule uzi wa chuma unaoachwa na matairi ya malori yaliyopasuka. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi mpaka uupate na uung'oe, la sivyo tyubu mpya haifiki mbali.

Kwa barabara, Southern Bypass asubuhi ya Jumapili ina waendeshaji wengi, na njia za mashamba ya chai za Tigoni na Limuru zinatoa milima. Barabara ya Nairobi Expressway hairuhusu baiskeli. Sitoki peke yangu, wala sitoki kabla ya kupambazuka. Kwenye vituo vya matatu, kaa tayari kwa gari litakaloingia mbele yako ghafla, na anayetangulia kundi apige kelele ya "shimo!" mapema. Kukimbia nakupitia haraka: msitu wa Karura unatosha. Ila mara moja kwa wiki ukishuka kwenye baiskeli kimbia papo hapo dakika 10 au 15, kwa hatua fupi, ili miguu izoee ule uzito wa mwanzo.

Chai ya maziwa pamoja na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na sisi tunaopata hedhi tunayahitaji. Niliisogeza ikawa saa moja baada ya kula, na dengu au sukuma naikamulia limau. Ukichoka bila sababu, pima damu kwanza kabla ya kununua vidonge. Kinywaji cha mazoezi marefu nachanganya mwenyewe: lita moja ya maji, vijiko vitano vya mezani vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau.

Pwani ni somo jingine. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Oktoba hivi, bahari huchafuka. Kaskazi huleta maji ya joto zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, basi angalia saa za maji kabla ya kwenda kujaribu. Kila mikono sita hadi kumi inua macho tu, uone boya, kisha geuka uvute pumzi. Usinunue vazi la mpira la kuogelea kwenye baridi: kwa wasio wa kulipwa, kanuni za kimataifa hulikataza kwenye umbali huu maji yakifika nyuzi 22, na bahari yetu iko juu ya hapo.

Kwenye eneo la kubadilishia, funga mkanda wa helmeti kabla ya kuigusa baiskeli, na usiufungue mpaka uirudishe mahali pake. Panda baiskeli baada ya kuvuka mstari wa kupandia tu. Mashindano yasiyoruhusu kujificha upepo nyuma ya mwenzako hutaka mwachane mita 10, na anayekaribia zaidi bila kupita huadhibiwa.

Ukisafirisha baiskeli kwa basi, pedali ya kushoto hufunguka kwa kuizungushia upande wa mishale ya saa, kinyume cha ya kulia. Wengi huiharibu hapo. Ukifika, zungusha gurudumu la nyuma ukiwa kwenye gia nyepesi kuliko zote: kibebeo cha gia kikiwa kimepinda safarini, kitagonga spoki, na fundi akinyooshe kabla ya kupanda. Baada ya mashindano ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, ukaushe mnyororo, ndipo uutie oili.