Riverside, kwa mlango wa uani

Nimerudi Oktoba, jakaranda zimechanua, na jambo la kwanza nililomwomba mama ni twende Riverside, mtaa wa Nairobi nilikokulia. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. "Utaona nini huko, baba? Waliokujua hawapo." Lakini Jumamosi alivaa sweta yake ya kanisani, tukapanda matatu namba 23 kutoka Kangemi.

Niliondoka 2007. Miaka 17 nimekuwa Minnesota nikitunza wazee majumbani mwao, kwa hiyo kazi ya kuingia nyumba za watu kwa mlango wa nyuma sijaiacha. Ndiyo niliyozaliwa nayo. Baba alikuwa shamba boi kwenye nyumba ya mawe Riverside Drive, mama akifua na kupiga pasi, na sisi watoto wanne tukalala nao katika kile chumba cha uani ambacho Nairobi yote hukiita SQ, yaani servants' quarters, makao ya watumishi. Kilijificha nyuma ya ua wa kayaba, moshi wetu usiwafikie wenye nyumba, wala kelele zetu. Matunda ya kayaba ni makali kama ndimu na miiba yake haina huruma, ila tuliyala yote.

Watu wakisimulia mtaa huu huanza na Chiromo, hapo jirani. Mnairobi wa leo akisikia Chiromo hufikiria mochari kwanza, kisha Chuo Kikuu. Jina lenyewe lilikuja na Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia sifa kwa kuivuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo. Mwanzoni mwa karne ya 20 alijenga jumba hapo, upande wa mto Nairobi, akalipa jina la mji wa Malawi. Baadaye likawa la William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani mwenye mwili mkubwa, yule yule ambaye jina lake liko kwenye maktaba ya mjini iliyofunguliwa 1931. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda 1909, alikaribishwa hapo. Hayo yote yameandikwa, na picha zipo. Mama alipoyasikia aliuliza swali moja tu: maji ya kuoga ya huyo mgeni alichemsha nani?

Kuhusu Grogan nilisoma usiku mmoja wa zamu, mzee wangu akikoroma chumba cha pili. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu, wavuta riksho, hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi, kwa madai kwamba hawakuwaheshimu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta. Nilifunga simu, nikaenda kumgeuza mzee ubavu. Tangu siku hiyo sikuweza tena kulitamka jina la Chiromo kama jina tupu la stendi ya matatu.

Kuna jambo jingine nililolijua nikiwa huko, nalo ndilo lililonifanya nitake kurudi pale kwa miguu yangu. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya aliyeitwa Simpson aliishauri serikali ya kikoloni kuugawa mji kwa rangi za watu, kisingizio kikiwa tauni na usafi. Wazungu walikuwa wakipendelea sehemu za juu zenye hewa, magharibi na kaskazini. Hati za viwanja huko zikaja na masharti: asiye Mzungu haruhusiwi kukaa, isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumba. Soma tena. Kumbe SQ haikuwa banda lililoongezwa baadaye kwa kuwa nafasi ilibaki. Ndiyo sehemu pekee ya kiwanja ambayo sheria ilimruhusu Mwafrika kulala, mradi kipande chake, ile hati ya kazi, kiko sawa na tajiri wake hajamfukuza. Nyumba kubwa na kile chumba vilichorwa pamoja.

Uhuru ukaja, Wazungu wengi wakauza au wakahama, na Wabenzi, wakubwa wapya wa magari ya Mercedes-Benz, wakaingia. Mwenye nyumba wa wakati wangu alikuwa mkubwa serikalini. Hakuwa mtu mbaya, na sare zetu za shule alinunua yeye mara mbili. Lakini paa la vigae lilibaki lile lile, dohani ile ile, mbwa wakali vile vile, na kengele ya jikoni iliendelea kulia.

Sasa Riverside yenyewe. Nilipotua, teksi ilinileta kwa ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, nikapita juu ya mtaa wangu bila kuutambua. Kwa miguu ni vingine. Tulipita namba 14, mahali watu 21 waliuawa na magaidi Januari 2019. Siku ile nilimpigia mama mara nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia, ingawa alikuwa ameshahamia Kangemi zamani. Hatukusimama.

Nyumba yetu (naiita yetu) mama aliitambua kwa kona ya barabara na mteremko wa kwenda mtoni. Mahali pake pana ghorofa ndefu ya vioo. Kipande cha kayaba, hatua kumi hivi, kimebaki upande wa jirani, kimeota hovyo bila wa kukipogoa. Mama alikigusa kwa ncha ya mwavuli.

Langoni askari alitupa kitabu: jina, namba ya kitambulisho, simu, unayemtembelea. Mama alishika kalamu, akafika safu ya mwisho akasita. Nikasema tumekuja kuona nyumba inayouzwa. Haikuwa uongo kamili, maana nina akiba kidogo, na nani arudiye bila kuuliza bei? Dalali akaja mbio, kijana mpole, akamwita mama "shosho", yaani bibi, na kumshika mkono kwenye lifti.

Alituonyesha sebule, vyumba vitatu, roshani inayotazama mto. Bei alipoitaja nilijifanya kukohoa. Kisha akatupitisha jikoni, akafungua mlango mwembamba karibu na mahali pa kufulia. "Na hapa, shosho, ni DSQ. Zote tunazouza zinakuja nayo."

Kitanda kimoja kingeingia, kwa kubanwa. Choo kilikuwa humo humo, na bomba la kuogea juu yake. Dirisha lilikuwa la ukubwa wa sinia, likitazama ukuta.

Mama aliingia peke yake. Alipima upana kwa nyayo zake, kisigino kwa kidole, akigeuka kwa shida mwishoni. Kisha akaurudia urefu. Dalali alinitazama, mimi nikatazama sakafu.

"Yetu ilikuwa kubwa kuliko hii," akasema akitoka. "Na tulikuwa sita."