Nilivyoijua Mifupa ya Kifundo na Wayo kwa Kuipapasa

Katika masomo ya fiziotherapia, mifupa ya mkono niliimudu mapema, lakini ile 26 ya wayo, pamoja na kifundo kinachoubeba mguu juu yake, ilinielemea, kwa kuwa tuliikariri kwa mfuatano wa majina, na mfuatano huo haukutusaidia mwalimu alipoweka mezani mfupa mmoja uliotengwa na wenzake. Kilichonifungulia njia ni kuufuata uzito wa mwili unavyoshuka hadi ardhini, huku nikiupapasa mguu wangu mwenyewe.

Uzito hushuka kwa tibia, mfupa mkubwa wa muundi, ukatua juu ya talasi, mfupa wa juu kabisa wa wayo. Vile vinundu viwili vya kifundo si sehemu ya wayo: cha ndani ni ncha ya tibia, na cha nje, ambacho hushuka chini zaidi, ni ncha ya fibula, mfupa mwembamba ulio sambamba na tibia. Talasi imekaa kati yao, nayo ndiyo niliyoishughulikia kwa muda mrefu kuliko yote. Hakuna msuli hata mmoja unaoshika juu yake, na sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa na gegedu, hivyo damu huingia kwa njia chache. Ikivunjika kwenye shingo yake, yaani sehemu yake nyembamba, kipande cha nyuma huweza kukosa damu na kufa. Upande wake wa juu ni mpana zaidi mbele kuliko nyuma, ndiyo sababu kifundo hubana mtu anapochuchumaa na hulegea kidogo anaposimama kwa ncha za vidole.

Chini yake ipo kalkaneo, mfupa wa kisigino, mkubwa kupita yote ya wayo. Kwa ndani una kibao kidogo kilichotokeza kuibeba talasi, na kwa kibao hicho niliweza kutambua kalkaneo ya kulia na ya kushoto bila kubahatisha. Mfupa huu hupondeka hasa mtu anapoanguka kutoka juu na kutua kwa visigino, ajali ambayo wakwezi wa minazi wa Pwani wanaifahamu vyema, na mgonjwa wa namna hiyo hufaa achunguzwe uti wa mgongo pia.

Kuanzia hapo niliugawa wayo katika safu mbili. Ya ndani huanzia kwenye talasi, ikapita navikula na kuneifomu tatu, mifupa midogo ya katikati ya wayo, hadi metatasali tatu za kwanza kuanzia upande wa gumba, yaani mifupa mirefu inayoelekea kwenye vidole. Ya nje huanzia kwenye kalkaneo, ikapita kuboidi, mfupa mwingine wa katikati ya wayo, hadi metatasali mbili za mwisho. Kuneifomu ya kati ni fupi kuliko jirani zake, kwa hiyo shina la metatasali ya pili huzama kati yao na kuifunga safu nzima isiteleze. Maungio hayo yanaitwa kwa jina la Jacques Lisfranc, daktari mpasuaji wa Ufaransa, na yakiachana kidogo tu, picha ya eksirei iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala inaweza isionyeshe kitu.

Falanji, mifupa ya vidole, hazikunisumbua: gumba lina mbili, vidole vingine tatu tatu, jumla 14. Chini ya kichwa cha metatasali ya kwanza kuna vijifupa viwili vya sesamoidi, ambavyo havihesabiwi katika ile 26, na ambavyo mgeni wa eksirei hudhani ni vipande vilivyovunjika.

Siku hizi, akija mtu aliyetegua kifundo, nafuata Kanuni za Ottawa kutoka Kanada, mwongozo wa kuamua nani anahitaji eksirei: nabonyeza ukingo wa nyuma wa kila kinundu, kisha navikula, ambayo hupatikana mbele na chini kidogo ya kinundu cha ndani, kisha shina la metatasali ya tano, linalotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Mfupa ukiuma mahali pamojawapo kati ya hapo, au mgonjwa akishindwa kutembea hatua nne, nampeleka akapigwe picha.