Programu ya kikoba, wiki ya sita: menyu inayohamahama

Wiki iliyopita nilijiona mjanja. Menyu kuu ina vipengele 11, nikaiongezea akili: kinachotumika sana kinapanda juu chenyewe. Jumapili kwenye kikao mama mdogo, ambaye ndiye mweka hazina, akaandika hisa za watu kama ishirini hivi. Kumbe "Hisa" imeshapanda namba moja na kuwasukuma wenzake chini. Alipofika kwa waliochelewa, akabofya cha tatu kama kawaida. Faini za mia tano tano zikaingia kwenye mikopo.

"Mwanangu, faini umeihamishia wapi?"

Ilikuwa pale pale mbele ya macho yake, mstari mmoja chini. Ila hakuwa anasoma. Mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyotafuta swichi ya taa gizani. Hata pesa za simu anatuma hivyo hivyo: namba, namba, siri, huku anaongea na mteja.

Kosa hili lina wakubwa wake. Microsoft kwenye Office 2000 walificha vipengele usivyovigusa mara kwa mara, na mpangilio ukawa unabadilika mtu akiwa kazini. Kufikia Office 2007, katika programu kama Word na Excel, menyu zile walikuwa wameziweka kando.

Na mimi nimefuta ujanja wangu. Vipengele vimebaki 11, havihami. Nilitaka kuvipunguza, lakini sheria ya mwanasaikolojia Hick (1952) inanipa moyo: kwa aliyezoea, chaguo zikiongezeka mara mbili muda wa kuchagua hauongezeki mara mbili. Anayeumia ni mgeni anayesoma mstari kwa mstari, na mgeni hapa ni mimi tu.

Jambo jingine sikulitegemea kabisa. Kwenye dirisha la mkopo niliweka kitufe "Funga". Mama mdogo hakukigusa wiki tano! Akimaliza alikuwa anazima programu nzima na kuiwasha upya. Kwa wanakikoba, kufunga mkopo ni kuumaliza, na dada mwenye mkopo uliofunguliwa alikuwa bado anadaiwa laki mbili. Sasa kinaitwa "Rudi".

Imebaki "Futa", ambayo niliiweka jirani kabisa na "Hifadhi", sijui nilikuwa nawaza nini. Hiyo nayo inahama usiku huu, kabla mkono wake haujaizoea.