Kumsoma Nergigante

Wiki mbili nzima nilikwama kwa Nergigante, lile joka la miiba katika Monster Hunter: World, gemu la Capcom la mwaka 2018. Kila nilipomwendea nilizimia mara tatu, windo likaishia hapo. Dawa niliyoijua kutoka magemu mengine ilikuwa moja: rudi nyuma, ua walio dhaifu, jijaze nguvu, kisha uje umponde.

Nikarudi kwa Rathalos, joka jingine la gemu hilo, dhaifu kuliko Nergigante. Jioni baada ya jioni nilimwinda huyohuyo kutafuta kito chake chekundu, ambacho hutoka kwa nadra sana, ili niboreshe vifaa vyangu. Mkia nilikata, nikauchuna, kito hakuna. Nikawa nampiga huku akili iko kwingine, nasubiri tu orodha ya zawadi mwishoni. Nilichoka mpaka nikaizima mashine siku tatu.

Katika mfululizo wa Monster Hunter, mwindaji wako hapati nguvu mwilini kwa kuua tu. Kinachopanda ni silaha, deraya, na mkono wako mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa palepale.

Basi nikaacha kuhangaika na aina zote 14 za silaha, nikashika upanga mrefu peke yake. Kisha nikawa naenda kwa Nergigante nikijua huenda nitashindwa, lakini kila windo nikilipa kazi moja. Mara hii natazama mguu wa mbele tu, unavyoinuka kabla hajapiga. Mara nyingine dakika tano za mwanzo sipigi kabisa, nakwepa. Ndipo nikaanza kuiona miiba yake. Ikichipua huwa myeupe na huvunjika kwa urahisi. Ukiiacha inakomaa, inakuwa myeusi na migumu, upanga unadunda. Ikishakomaa, Nergigante hujirusha kutoka juu kwa uzito wake wote. Hapo unarudisha upanga kwenye ala, unampa mgongo, unakimbia, unajitupa kifudifudi sekunde ya mwisho, naye anapita bila kukugusa. Nilipigwa na shambulio hilo mara nyingi sana kabla sijalitazama hata mara moja.

Kazi ya kukusanya vitu sikuiacha, maana deraya haijitengenezi. Nilimpa Rathalos mawindo mawili kwa jioni, basi. Nayo nikayatia somo: kumsubiri apae, kummulika machoni kwa mwanga mkali, aporomoke chini, nimwahi kichwani kabla hajainuka. Nikishaweza hilo, mawindo mawili yalikuwa yanaisha upesi kuliko lile moja la zamani.

Nergigante alianguka dakika ya 41 kati ya zile 50 ambazo windo hupewa, nikiwa nimezimia mara moja, na deraya ni ileile ya mwanzo. Kito cha Rathalos sikuwa nacho bado. Usiku huohuo nikamwendea Nergigante tena, safari hii kwa sababu nilitaka kuvunja miiba yote ikiwa bado myeupe.