Jumamosi jioni, Moshi

Jamani, mkija Moshi msiishie kwenye baa za muziki mkubwa tu. Bia ipo kila mji.

Juzi Jumamosi nilitoka na wifi yangu. Tukaanza na kahawa Union Café, mgahawa wa KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanzishwa mwaka 1933. Kunywa arabika ya Kilimanjaro mahali penye historia ya walioilima kunanipa fahari kila mara, sitaki kuficha.

Giza lilipoanza kuingia tukapanda daladala la Kibosho, tukashuka kwenye kilabu cha mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Mama mwenyeji akatueleza kazi yake: ndizi mbivu zinachemshwa sana, zinaachwa zichachuke, kisha zinachanganywa na mso, yaani uji wa kimea cha ulezi. Na magome ya msesewe ndiyo yanayotoa ule uchungu. Ni kazi ya siku kadhaa! Halafu mtu anakuja kuiita pombe ya kienyeji kwa dharau. Inaniuma kweli.

Tukapewa kata moja, tukapokezana na wazee waliokuwa benchini. Nyama ya mbuzi ilikuja na ndizi za kuchoma na pilipili ya kutosha. Kisusio, supu ya damu ya mbuzi, pia kilikuwepo, ila wifi akasema, "Dada, ya damu mimi hapana."

Wahini mapema, na mwulize ipi ni ya leo. Mbege ikilala inazidi kuchachuka na kuwa kali.